Mashindano, beni au gwaride: kijana mwenye tarumbeta aende wapi?

Mwezi wa Shaaban ukiingia, baraza langu halikosi mgeni. Harusi zinakimbizana ziwahi kabla ya Ramadhani, beni, zile bendi za tarumbeta na ngoma za harusini, zinasaka wapigaji mtaa kwa mtaa, na wazazi wenye vijana wa tarumbeta wanaanza kuumwa kichwa. Mwaka huu alikuja jirani wa nyumba ya tatu, mama wa kijana mmoja wa tarumbeta, akakaa, akashusha pumzi, akasema: "Mwalimu, nimechoka mie. Beni wanamtaka Alkhamisi na Ijumaa. Skuli wanamtaka jioni zote, wana mashindano. Na ami yake yuko kikosini, keshamwambia akimaliza skuli atamtafutia nafasi kwenye bendi ya gwaride. Kijana mmoja, mdomo mmoja. Nishike lipi?"

Sikumjibu. Nilimwita kijana nikamuuliza: ukishapiga nusu saa, unaumwa wapi? Mama akanitazama kama mtu aliyeuliza njia ya Darajani akaelekezwa Bububu. Jibu la kijana nitalitoa mbele. Kwanza niziweke njia zote tatu mezani, kwa sababu nimepita zote, na hakuna hata moja niliyotoka bila kitu.

Tunapima nini

La kwanza ni mdomo. Zumari ina tete, tarumbeta haina. Kinachotetemeka pale ni midomo yako mwenyewe. Bati lile ni bomba tu, ukilinyoosha linakaribia mita moja na nusu, na kazi yake ni kuikuza ile mitetemo. Kwa hiyo kila njia iulizwe: inaujenga mdomo au inaula? Kijana anayetaka sauti ya juu kwa kukandamiza kikombe cha kupulizia kwenye midomo anaizuia damu isipite. Mdomo unakufa ganzi, sauti inakatika, naye anakandamiza zaidi. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani, pamoja na ukubwa wake wote, aliuumiza mdomo wake vibaya, hata madaktari wakauita mchaniko wa msuli wa mdomo kwa jina lake la utani, Satchmo.

La pili ni sikio, yaani kumsikia mwenzako na kujua lini sauti yako imepanda au imeshuka, pamoja na kusoma noti. La tatu ni muda na mfuko. Hivyo viwili havitengani. La nne naliita jina: watu watamjuaje, na yeye atajionaje.

Mashindano

Wenye desturi kubwa ya mashindano haya ni Waingereza, na wala hayakuanzia kwa matajiri. Yalikuwa ya wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo; bendi ya Black Dyke, inayotajwa mpaka leo, imetoka kiwandani na ni ya mwaka 1855. Mashindano makubwa ya Belle Vue, Manchester, yalianza 1853. Bendi zinapewa wimbo mmoja ule ule, wapigaji kama 25 kila bendi, na majaji wanafungiwa kwenye kibanda ili wasione nani anapiga. Wanasikia tu. Hilo la kibanda naomba mlikumbuke, nina maneno nalo.

Hata ikiwa ni skuli mbili tu za Unguja zimekubaliana kukutana ukumbini, mpango ni ule ule: wimbo mmoja au wawili, miezi miwili au mitatu ya kuurudia mpaka unauota.

Kwa mdomo, njia hii ni ya upole. Wimbo ni wa dakika chache, na mazoezi yenyewe yanaanzia chini: noti ndefu isiyoyumba, kisha kuteleza kutoka noti moja kwenda nyingine bila kugusa pistoni, vile vitufe vya kubonyeza, midomo na pumzi peke yake ndivyo vikifanya kazi. Mwalimu mwenye akili anawapumzisha watoto kwa muda ule ule waliopiga. Kijana wa miezi mitatu ya namna hii anatoka na pembe za mdomo zilizokaza na pumzi inayotoka tumboni, si kooni.

Lakini faida kubwa iko kwenye sikio, na hapa nitakaa kidogo.

Tarumbeta ina pistoni tatu. Ya kwanza inashusha sauti toni moja, yaani kama kutoka re kurudi do, ya pili nusu toni, ya tatu toni moja na nusu. Bonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja: hesabu inasema imeshuka toni mbili na nusu, sikio linasema bado, imebaki juu kidogo. Sababu ni kwamba kile kibomba cha pistoni ya tatu kimekatwa kwa kipimo cha tarumbeta tupu. Ukishalirefusha bomba zima kwa pistoni ya kwanza, nyongeza ile haitoshi tena. Ndiyo maana tarumbeta nzuri ina pete ndogo ya kuingiza kidole kwenye kibomba cha tatu, ili mpigaji akisukume nje kidogo anapoifikia noti hiyo. Mimi nilipiga harusini miaka mingi sijui pete ile ni ya nini. Nilidhani ni ya kushikia isianguke.

Niliijua siku nilipopewa vijana 14 niwaandae. Tulikuwa na wimbo wa polepole, na kwenye mstari wa pili koneti mbili, wale ndugu wafupi wa tarumbeta, na tarumbeta moja zinashuka pamoja mpaka ile noti. Kila tukifika pale, sauti inatoka na mawimbi, wa-wa-wa-wa, kama redio isiyokamata vizuri. Tulirudia mstari ule jioni tatu. Jioni ya tatu msichana mmoja wa koneti akasukuma kibomba chake kiasi cha unene wa kidole, mawimbi yakapungua mwendo, akasukuma tena kidogo, yakatoweka. Ukumbi mzima ulinyamaza. Hakuna harusi iliyowahi kunifundisha kitu kama kile, kwa sababu harusini hakuna anayesimama kwenye noti moja muda wa kutosha kuisikia.

Muda sasa: jioni nne kwa wiki, na kalenda haina huruma. Miezi ya mazoezi ikiangukia Ramadhani, mchana mdomo mkavu haupigi kitu, na baada ya tarawehe watoto wanasinzia. Mfuko nao unatoka, hauingii. Kuna sare, kuna nauli, na bendi ya Wete ikialikwa mjini Unguja, besi na ngoma kubwa zinapanda boti pamoja na watoto na maandazi yao.

Kuhusu jina, nitasema la moyoni. Niliwahi kupeleka bendi mahali ambapo majaji walikaa mbele kabisa, macho yao kwenye viatu vyetu. Waliotushinda walikosea kuanza mara mbili, ila walikuwa na kanzu mpya zote rangi moja na koti juu. Vijana wangu walilia garini. Tangu siku hiyo sharti langu ni pazia: majaji wakae nyuma ya pazia, au hatuji. Pazia ni doti mbili za kanga na kamba, halimshindi mtu.

Njia hii inamfaa kijana mwenye subira, ambaye sauti yake bado nyembamba, na ambaye nyumbani hawamtegemei kwa fedha. Haimfai anayekosa usingizi akishindwa, mpaka kwanza awe na mwalimu wa kumweleza kuwa kombe ni la siku moja, ila lile sikio anarudi nalo.

Beni ya harusi

Wapo wanaosema kushindana kwa tarumbeta ni mambo ya Wazungu. Hawaijui beni. Jina lenyewe limetoka kwenye bendi, na ngoma hii ilianza pwani yetu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, tangu mwanzo ikiwa ya kushindana. Mombasa walikuwapo makundi ya Kingi na Skochi. Vita vya 1914 mpaka 1918 vikaibeba bara pamoja na askari na wapagazi, na huko zikavuma Marini na Arinoti, kila kundi na vyeo vyake, sare zake, na fedha iliyotumika mpaka wengine wakabaki na madeni. Kwa hiyo ukiona beni inapita Kikwajuni, wanawake wamejaa barabara nzima, ujue mdundo ule umetokana na mashindano ya mababu.

Mdomo hapa unakiona. Mwanzo hadi mwisho ni saa mbili tatu, nje, hakuna ukuta wa kukurudishia sauti yako, ngoma kubwa iko mgongoni, na wachezaji hawataki mapumziko. Kijana asiyejua anapuliza kwa nguvu zake zote nusu saa ya kwanza, kisha anabaki kushika bati kwa picha. Wazee wa beni wanapokezana: huyu anapiga kibwagizo, yule anapumzisha mdomo, wanabadilishana bila mtu kutambua. Ukimpeleka mwanao, hakikisha kwenye kundi kuna tarumbeta mbili au zaidi. Kundi lenye tarumbeta moja litamtafuna.

Sikio la beni ni la aina nyingine kabisa. Noti za karatasi hazipo. Mwimbaji anaanzisha wimbo, unausikia mara moja, mara ya pili unatakiwa uujibu. Kisha raha ikipanda, sauti za wanawake nazo zinapanda, polepole, mpaka saa ya pili wimbo umeshahama nusu toni nzima. Mwenye noti atang'ang'ania alipoanzia na kulalamika. Mpiga beni anawafuata, anatafuta vidole vipya humo humo njiani. Nimeona vijana wanaosoma karatasi vizuri sana wakisimama pale kama wamepotea sokoni.

Muda ni usiku, na skuli ni asubuhi. Hapo mzazi apige hesabu yake. Shaaban kazi ni nyingi, Ramadhani kimya, mfungo mosi zinaanza tena. Fedha inapatikana, si nyingi lakini mkononi, pamoja na za kutunzwa. Kuna nyumba ninazozijua zilizolipia sare za skuli kwa tarumbeta.

Jina linakuja haraka. Mtaa mzima utamjua. Wengine watamjua kwa uzuri, na bibi mmoja au wawili watasema kijana wa watu ameharibika, analala harusini. Hayo myapime wenyewe, kila nyumba na desturi yake.

Na vifaa: hewa yetu ya bahari ina chumvi, shaba inakula kutu ya kijani, pistoni zinakwama, na wapiga beni ndio wavivu wa kuosha. Maji vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa, kisha mafuta yake ya pistoni. Mimi niliwahi kuishiwa na mafuta hayo nikapaka ya nazi, mambo yakawa laini ajabu. Ilikuwa mchana. Usiku ule, wakati wa kipupwe, karibu na alfajiri, katikati ya wimbo wa kumtoa bibi harusi, pistoni ya pili ikashuka isipande. Mafuta ya nazi huganda baridi ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kama unavyoyaona kwenye chupa jikoni. Nilimaliza wimbo kwa noti zile tu zinazotaka pistoni ya pili. Hazikuwa nyingi.

Beni inamfaa mwenye mdomo uliokwisha kukaa sawa na anayehitaji moyo wa kusimama mbele za watu. Anayejifunza kushika kikombe leo asianzie hapa.

Gwaride

Hili halikuanza jana. Masultani walikuwa na bendi yao hapa Unguja, wapigaji wakiwa Wagoa, na leo tarehe 12 Januari bendi za vikosi ndizo zinazotembea mbele za watu.

Mdomo unajifunza jambo moja ambalo kwingine hulipati: kupiga ukitembea. Kila hatua inatikisa kikombe kwenye meno. Asiyejua kukanyaga kwa kisigino kisha kuviringisha wayo, anatoa sauti ya kukatakata na jioni ana mdomo uliovimba. Mwendo ni hatua kama 120 kwa dakika, haupungui kwa ajili yako.

Sikio linajifunza kupiga pamoja, mtu mmoja asisikike. Noti zinafundishwa, na kwa utaratibu. Jua nalo lina lake: hewa ndani ya bati ikipata joto sauti inapanda, hivyo bendi iliyopatana sauti kivulini saa 2 asubuhi, saa 5 uwanjani inabidi ipatane upya. Ubaya ni kwamba nyimbo ni zile zile mwaka hata mwaka.

Kuhusu muda na mfuko, hii ndiyo pekee yenye mshahara. Lakini huingii kwa tarumbeta peke yake. Unaingia kikosini kwanza, na mafunzo yake, na amri zake. Jina ni sare, na sare inatosha kwa wengi. Inamfaa anayetaka ajira na asiyechoka kurudia.

Kwa hali yako

Mtoto ambaye meno ya mbele ya utu uzima hayajatimia, asipelekwe popote kati ya hizi tatu. Mpe kikombe peke yake, ajifunze kutetemesha midomo na kucheka. Meno yakishatimia, arudi.

Kijana anayeanza, wa kati ya darasa la sita na kidato cha kwanza, bendi ya skuli inayojiandaa kwa mashindano ndiyo chuo cha bei rahisi kuliko vyote, hata bendi yenyewe ikiwa ya mwisho kila mwaka. Angalia mwalimu, usiangalie kabati la makombe. Kaa nje ya dirisha dakika 15: ukisikia noti ndefu na ukimya wa kupumzika, mwache mtoto. Ukisikia wimbo tangu mwanzo hadi mwisho mara sita kwa makelele, mchukue mtoto wako.

Anayesoma noti kama maji lakini akiondolewa karatasi anaganda, apate msimu mmoja wa beni. Mmoja unatosha kumfungua.

Nyumba inayohitaji fedha, sisemi mkatae beni, hiyo ni rahisi kusema kwa aliyeshiba. Punguzeni usiku: asipige siku mbili mfululizo, na aombe tarumbeta ya pili, siyo ya kuongoza. Malipo yanapungua kidogo, mdomo unabaki.

Anayelenga kikosi, apitie kwanza bendi ya noti. Mwenye kusoma anaingia akiwa na kitu mkononi. Ila asiache kutembea huku anapiga, hata uani.

Ninyi mlioko Pemba mbali na mwalimu, mna watoto wanne na vyombo vya kuokoteza, nawapa siri ya bendi za Kiingereza: vyombo vyao karibu vyote, kuanzia koneti mpaka besi, isipokuwa tromboni ya besi, vinaandikiwa noti kwa mtindo mmoja, na vyenye pistoni vinatumia vidole vile vile. Mtoto aliyejifunza koneti akikua mnaweza kumpa besi bila kumfundisha upya. Koneti mbili, horni moja ya sauti ya kati na yufoniamu ya sauti nzito zinatosha kuanza, na mkipata kundi jingine la wanne la kushindana nalo, mmepata mashindano. Msisahau kanga za pazia.

Na wewe kiongozi unayejiuliza uiingize bendi yako au la: una wiki 10? Wimbo uliouchagua, vijana wanauweza leo kwa robo tatu? Kama ndiyo zote mbili, ingia. Kama wimbo unawashinda, mtatumia wiki hizo kufukuzana na vidole, na sikio halitapata nafasi.

Nirudi kwa jirani yangu. Yule kijana nilipomuuliza anaumwa wapi, angeonyesha pembe za mdomo ningefurahi, maana pembe zikichoka ni msuli unajengeka. Alionyesha katikati, mdomo wa juu, na palikuwa na duara jekundu la kikombe, limezama. Anakandamiza. Nikamwambia mama: beni mwezi huu hapana, ami asubiri, huyu anahitaji noti ndefu za skuli mpaka duara lile lisionekane. Mama akasema sawa, lakini keshapokea malipo ya awali ya harusi ya Alkhamisi, na fedha zimeshakwenda kwenye mchele.

Alkhamisi saa 2 usiku gari ya beni ikapiga honi nje. Kijana alikuwa ndani kwake akivuta noti moja ndefu, bado inayumba mwishoni. Nikachukua tarumbeta yangu, nikaangalia pistoni, nikapanda mimi.